Magauni Yaliyopimwa Juu ya Sweta

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mwenyekiti wa kwaya ya wanawake ya Endagikot alisimama katikati ya kibanda changu cha ushonaji, Mbulu mjini, akiwa amevaa gauni la kwanza kati ya ishirini na manne. Alishika kitambaa kilichozidi kiunoni, akakivuta mbele kwa mikono miwili. Nafasi iliyobaki ingetosha kumficha mtoto. Hakukasirika. Aliuliza tu kama kuna mwenzake atakayeingia naye humo.

Aliyeyabuni na kuyashona magauni hayo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka ishirini na miwili. Mimi ni fundi wa suruali na sare za shule. Kazi nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua makoti ya mitumba mshono kwa mshono na kuyarudisha yalivyokuwa. Mpwa wangu hafanyi kazi hivyo. Yeye husafiri kwanza. Akitoka Masakta hasimulii bei ya alizeti kama abiria wenzake; anasimulia jinsi njano inavyobadilika ua linapoanza kuinama. Siku moja aliona mstari mweupe wa chumvi kwenye ukingo wa ziwa la Balangida, akanipigia simu kuniambia kwamba ameona pindo la gauni. Nilimuuliza kama amekula.

Pindo lile sasa lilikuwa mbele yetu, jeupe, chini ya kitambaa cha rangi ya ngano iliyokauka. Pembeni, kutoka kwapani hadi chini, kulikuwa na utepe wa ngozi laini wenye shanga, kazi ya kina mama wa Kidatoga wa Dirma. Huko alikwenda mara ya kwanza kununua shanga tu. Alikaribishwa maziwa, akakaa kutazama, na aliporudi kwangu alikuwa na washirika.

Shida ilikuwa hapo hapo kwenye utepe. Gauni likizidi upana, fundi hufumua mishono ya pembeni na kupunguza. Mishono hii ndiyo iliyobeba shanga. Kuifumua ni kuharibu kazi ya miezi miwili, na kuanza upya ni kununua kitambaa chote mara ya pili.

Chanzo hakikuhitaji uchunguzi. Vipimo vilichukuliwa mwezi wa saba, nje ya kanisa, baada ya ibada. Mwezi wa saba, Endagikot, mwanamke mwenye akili timamu havui sweta kwa ajili ya futi ya fundi. Wengi walikuwa na sweta mbili, na shuka juu yake. Mpwa wangu, aliyezaliwa katika baridi ile ile, alipima kilichokuwa mbele yake bila kuona ajabu. Hata mimi nilivisoma vile vipimo nikafikiri kwamba mavuno yalikuwa mazuri.

Sikukuu ya kwaya ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Kilichomtia hofu mpwa wangu, hata hivyo, kilikuwa cherehani yake. Baba yake, yaani shemeji yangu, aliuza mtamba kumnunulia cherehani hiyo, kisha akaweka sharti: kazi hii ya kanisa ikikataliwa, cherehani inauzwa na binti anarudi shambani kwenye vitunguu saumu. Shemeji si mtu mkali. Ni mkulima, na mtamba ule alikuwa mzuri. Mnunuzi kutoka Dongobesh alikuwa ameshakuja kuitazama cherehani, na alikuwa ameizungusha gurudumu.

Jumatatu tulipanda basi la Katesh, mimi na yeye, gauni moja likiwa kwenye mfuko, tukaendelea hadi Dirma. Mama anayeongoza kazi ya shanga alitupokea. Tulimpa shikamoo, tukanywa maziwa, ndipo akalitandaza gauni juu ya ngozi na kulipima kwa mikono.

"Binti yangu," alisema, "hawa umewapima pamoja na ng'ombe wao?"

Wenzake waliweka shanga chini ili wacheke vizuri. Mpwa wangu alijitetea kwamba zilikuwa sweta tu, mama.

"Ninyi watu wa juu kwenye baridi mnavaa zizi zima."

Kisha, kwa utani, alilivaa gauni juu ya nguo zake. Likamning'inia. Akakusanya kilichozidi, akakipeleka mgongoni, akakifunga kwa mkanda wa ngozi uliokuwa umeshika kibuyu chake, akaanza kutembea mbele yetu kwa madaha. Wote walicheka isipokuwa mpwa wangu. Yeye alikuwa amesimama.

"Mama, usiufungue," alisema.

Alimzunguka mara kadhaa, akakaa chini kuchora. Aliona kwamba haikuwa lazima ule upana uondolewe. Ungekunjwa marinda mgongoni, na marinda yashikwe na mkanda wenye shanga: asubuhi ya baridi unalegezwa, sweta inaingia chini, mchana jua likiwaka, sweta inatoka na mkanda unakazwa. Kina mama walianza kukata mikanda jioni ile ile. Kazi yangu ilikuwa kugawa marinda, kwa sababu kila mwanakwaya alikuwa amezidi kwa kiasi cha sweta zake. Yule mama hakutaka fedha ya wazo. Alitaka gauni lake, kwa kipimo cha sweta mbili, aone raha yake.

Jumapili ilianza kwa ukungu. Kwaya iliimba nyimbo za kwanza ikiwa na sweta ndani, mikanda imelegezwa, na magauni yakawakaa vizuri. Ibada iliendelea, jua likapanda. Kabla ya wimbo wa mwisho walitoka nje, wakarudi bila sweta. Mwenyekiti aliinua kidole, na wanawake ishirini na wanne wakakaza mikanda kwa pamoja. Vigelegele vilianza kabla ya wimbo.

Shemeji alitukuta nje. Alimuuliza binti yake:

"Ule mkanda ulipangwa tangu mwanzo?"

"Hapana, baba. Ulipangwa Jumatatu."

Akavaa kofia yake.

"Basi yule mnunuzi wa Dongobesh nitamwambia cherehani haiuzwi, akanunue mbuzi."

Mpwa wangu aligeuka upande kidogo, akajifanya anarekebisha mkanda wa mwenyekiti. Mwenyekiti alimwacha aurekebishe, ingawa haukuwa na kasoro.

Nyumbani nilipiga hesabu, maana ndiyo inayonituliza. Kitambaa ambacho hatukununua mara ya pili ni mita tatu kwa kila gauni, kwa shilingi elfu nne mita moja. Nikatoa nauli ya Dirma na ngozi ya mikanda, shilingi elfu thelathini na nane. Tulikuwa tumeokoa shilingi laki mbili na elfu hamsini.