Jumapili Niliyosema Sijui Kusoma

Nakumbuka Jumapili moja kule Nyamiaga, Ngara, mwanangu, niliposimama mbele ya kanisa nimeshika Biblia iliyofunguliwa, na macho yangu hayakuona humo chochote ila madoa meusi.

Nilikuwa mke mgeni, mwaka wa pili tu. Kwetu ni Nyabusozi, Biharamulo, na huko nilikaa shuleni mwaka mmoja, nikaachishwa ili nilee wadogo zangu. Nilipofika Ngara, akina mama wa kanisa waliniuliza nimesoma hadi wapi. Nikajibu, "Nimemaliza la saba." Sijui neno lile lilitoka wapi. Nadhani nilitaka kuwa mtu wa maana kwa watu wasionijua. Wakafurahi, wakanifanya msomaji.

Utajiuliza niliwezaje. Masikio yangu yalikuwa makali. Kila Alhamisi akina mama tulipokutana, somo la Jumapili lilisomwa kwa sauti mara mbili tatu, nami nikalishika lote. Jumapili nilifungua kitabu popote, nikalitamka. Hata ukurasa niligeuza! Watu walinisifu, na polepole nikaanza kumpenda yule mwanamke wa la saba kuliko nilivyojipenda mwenyewe.

Siku hiyo alikuja mchungaji mgeni, akabadilisha somo pale pale. Nikajaribu lile la Alhamisi. Akaniambia kwa upole, "Mama, siyo hilo. Tusomee habari ya Hagari." Nikageuza kurasa ovyo. Mtu akacheka huko nyuma. Nikaweka kitabu, nikatoka nje.

Aliyenifuata ni Bibi Salome, kiongozi wetu akina mama, mtu ambaye hata wazee wa kanisa walimsikiliza.

"Shikamoo," nilisema kwa mara ya pili asubuhi ile, maana sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Hujui kusoma?"

"Sijui, Bibi."

"Hata mimi sijui."

Nilimtazama nikasahau kulia. Anawezaje kulisema jambo hilo kama anayesema mvua imenyesha? Nikamuuliza.

"Nilipobatizwa sikuulizwa darasa," alisema. "Niliulizwa jina. Wewe ni nani?"

"Mke wa Yakobo."

"Sikukuuliza mume."

Nikafikiri kidogo. "Debora."

"Huyo Mungu anamjua. Yule wa la saba hajawahi kumwona. Sasa ukiomba, unampeleka nani mbele zake?"

Swali lile lilinirudisha ndani. Nikasema, "Mimi ni Debora. Niliwadanganya. Sijui kusoma." Kutoka mlangoni Bibi Salome akasema, "Hata mimi." Mchungaji akaisoma mwenyewe habari ya Hagari, mjakazi aliyekimbia, Mungu akamkuta jangwani na kumwita kwa jina. Niliisikiliza kama habari ya jirani yangu.

Nyumbani ndiko nilikoogopa zaidi. Lakini Yakobo alisema, "Mimi nilijua. Barua ile ya kaka yako uliitazama ukacheka, kumbe ilikuwa ya msiba. Nikaona nikwambie kana kwamba nimeusikia sokoni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Si wote walionisamehe. Mama mmoja aliendelea kuniita La Saba mpaka alipohama. Lakini wengine watano walikuja mmoja mmoja kuniambia hata wao hawajui, na mwalimu wa shule ya msingi akakubali kutufundisha herufi kila Alhamisi. Bibi Salome alijifunza kuandika jina lake tu, akasema limemtosha. Mimi niliendelea.

Kwa hiyo, mwanangu, soma, tena unipite mimi. Uwe na kazi, na ndoa, na watoto, Mungu akikujalia. Lakini usiviulize hivyo wewe ni nani, maana havijui. Ukipiga magoti, mpeleke yule uliye, pamoja na aibu zake. Huyo ndiye ambaye Kristo alimfia. Na ukiwa bado hujijui vizuri, usione vibaya kumuuliza Mungu. Mimi ni bibi sasa, na bado namuuliza.

Yeye aliyekuumba akutazame kwa furaha. Akupe ulimi wa kweli na moyo usiojificha, na nyumba yako iwe mahali ambapo mtu anasema ukweli na bado anakaribishwa mezani. Amina.