Sema Tena na Bibi wa Jumanne

Mume wangu ni mtaalamu wa lugha, jina lake limefika hata ng'ambo, ila mtaani wanamwita Sema Tena, kwa sababu neno geni haliwezi kumpita bila kulisimamisha: "Hebu sema tena?" Muuza mkaa, fundi bomba, hata mgonjwa kitandani, wote yamewakuta. Akirekodi sauti huchomoa friji isimngurumie, kisha husahau kuichomeka. Maziwa nimemwaga hadi nimechoka.

Jumapili hugeuka mtu mwingine. Huingia redioni akawapa wakubwa ukweli wao bila kupepesa macho, akirudi nyumbani anauliza kama kuna chai.

Kwa miaka mingi amekuwa akiandika kamusi ya lugha moja ambayo aliyebaki akiijua sawasawa ni bibi mmoja. Kila Jumanne gari lilimleta bibi huyo kwetu, akaketi kwenye kiti changu, akaongea. Wenzake wote wametangulia mbele ya haki. Mwingine aliyeikulia lugha ile ni mwanawe tu, naye ni waziri wa elimu, mwenye gari hilo. Mume wangu alitamani sana kuwarekodi wawili hao wakizungumza, maana mtu peke yake hajijibu. Waziri hakuwahi kupata nafasi.

Kisha waziri akafunga shule za vijiji vya mbali.

"Baba watoto," nikamwambia, "subiri basi umalize kamusi."

"Na watoto wa watu nao wasubiri nimalize?"

Jumapili akamtaja redioni, cheo chake na kosa lake. Jumanne gari halikuja. Jumanne iliyofuata pia. Akawa anakaa dirishani, friji imechomolewa, chai imepoa. Roho iliniuma, na bado nilimgombeza kwa ajili ya maziwa.

Jumanne ya tatu gari likaja. Bibi alishuka akiwa amemshika mkono waziri mwenyewe.

"Huyu aliniambia unaumwa," bibi akasema alipokwisha kuketi. "Dereva ndiye aliyeniambia kwamba ulimsema."

"Nilimsema, mama. Na sijafuta neno."

Bibi akamgeukia mwanawe, akamuuliza kitu kwa lugha yao. Nimeokota maneno ya kutosha nikiwapelekea chai: alimuuliza kama ni yeye aliyefunga shule.

Waziri akatazama viatu vyake. "Mama, hayo mambo ni marefu," akajibu kwa Kiswahili.

"Nimekuuliza kwa lugha yetu."

Mezani kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi, taa yake nyekundu inawaka. Hayo ndiyo mazungumzo aliyoyasubiri miaka yote. Mume wangu akanyoosha mkono, akakizima, kwa sababu mtu hagombezwi na mama yake mbele ya mashine. Nilimpenda siku ile mpaka machozi yakanilenga.

"Kiwashe," bibi akamwambia. "Mwanangu bado hajajibu."