Mji wa Mzee, Kuanzia Mbu

Mzee niliyekuwa nikimtunza nyumbani kwake, hapa ughaibuni Saint Paul, alizaliwa katika kimji cha mlimani kusini mwa Italia. Siku ya kwanza nilifanya kosa la Mkenya: nilimuuliza kwao ni wapi. Mimi nilitaka jibu fupi tu. Lo! Alianza na mababu waliokimbia mbu na maharamia wa pwani wakapanda mlimani, na kufikia saa ya chakula cha mchana tulikuwa bado tunachimba nao kisima cha kwanza cha mji.

Miaka miwili nilisikia hayo. Tetemeko liliangusha kanisa, kengele ikabaki nzima. Kisha watu wa mji jirani wakaiiba kengele, na mzee aliwachukia kana kwamba wameiiba jana. Siku hizi vijana wamehama, nyumba zimefungwa. "Nikifa mimi," aliniambia, "nani atajua tulikuwapo?" Watoto wake walikuwa wamemchoka. Hata mimi, nisidanganye, nilimchoka, ila mimi nilikuwa kazini.

Alipofariki, binti yake aliniomba niseme maneno mawili kwenye ibada ya kumuaga. Sasa, kwetu maneno mawili juu ya marehemu ni historia nzima: ukoo, kijiji, shule, ugonjwa, mpaka alivyokata roho. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza na mbu. Nilipofika kwenye tetemeko, msimamizi alikuwa ameshaangalia saa mara tatu. Kwenye kengele nikapandwa na hasira, nikawa nawatukana mbele ya jeneza watu wa mji ambao sijawahi hata kuuona. Kuna aliyecheka. Haya, cheka! Sikunyamaza mpaka nikamvusha mzee bahari, nikamfikisha hapa Saint Paul.

Nikaketi, jasho linanitoka, nikajua nimeiaibisha Kenya nzima.

Binti yake alinifuata kwenye meza ya kahawa, macho mekundu. Nikaanza kuomba msamaha.

"Hapana," akasema. "Mimi nilikuwa namwambia Baba aachane na hizo hadithi. Nyumba yao ilikuwa wapi pale mjini? Nataka kwenda."

Mji wote ninao kichwani, ila mlango wa nyumba yao sinao. Siku moja mzee alitaka kunichorea nyumba yao ilipo, akaomba kalamu. Nikamwambia, "Mzee, kunywa supu kwanza, itapoa." Akainywa yote, akalala. Sikumuuliza tena, na mpaka leo inaniuma.