Rangi ya Kijani Juu ya Pipa la Mama

Mama hakuwahi kupaka rangi pipa lake la kukaushia samaki kwa moshi. Kila kiangazi alilikwangua kutu kwa brashi ya waya, akawasha moto ndani bila samaki, na bati lilipopata joto akalisugua kwa nje kwa kitambaa chenye mawese. Alirudia mara tatu. Likawa jeusi, linang'aa, mvua hailigusi. Jirani yetu, fundi wa karakana ya mgodi, aliliita sufuria ya mchawi. Samaki aliwala hata hivyo.

Pipa hilo ndilo lililotulisha baada ya baba kufa na mgodi kuanza kuporomoka. Kisha ikaja amri ya mitaani: watu wa Kasai, mkoa alikotoka baba, warudi kwao. Mimi nilizaliwa hapa hapa mgodini, Kolwezi, Kasai sijawahi kuiona. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Baba alilishika jembe lao kule Mashamba, shimo la mgodi, hadi mapafu yakamwishia, ndipo wakakumbuka kwamba ni mgeni.

Jirani alikuja na wenzake wawili wenye marungu, akakalia kiti cha mama.

"Mama, hii nyumba mi nitaikala. Na pipa mutaiacha. Lakini muipake rangi kwanza, iko mubaya sana."

Akaweka chini kopo la rangi ya kijani, ile ya kupaka magari ya mgodi.

Mama akafungua mdomo amweleze kwamba rangi ile haivumilii moto. Ndivyo alivyokuwa: angemfundisha hata mwizi namna ya kufunga mlango. Nikamkatiza.

"Tata," nikamwita kwa heshima ya uongo, "mi nitapaka mwenyewe."

Nikapaka. Sikukwangua, sikuosha. Niliimwaga juu ya mafuta ya miaka yote ile, tabaka nne nene, nikaijaza kwenye maungio ya mlango na bomba la moshi. Mama alinitazama akijua, kisha akaenda kufunga mizigo. Chuki ilinifanya fundi hodari. Jirani alilizunguka pipa akitabasamu.

"Sasa inafanana ya bazungu," akasema.

Tulikaa majuma mengi kwenye kituo cha reli, tukilala juu ya magunia, tukingoja treni. Kila asubuhi mama alisema hasira za watu hupoa, tutarudi.

Siku moja muuza samaki mwenzake, Mlunda, mwenyeji ambaye amri haikumgusa, akatuletea unga na habari. Jirani alikuwa amewaalika wakubwa wake kusherehekea nyumba, akawasha pipa awakaushie samaki.

"Rangi ilianza kutokota," alisema. "Moshi ikajaa fasi yote, samaki banaanza kunuka petroli. Bakubwa balienda na njaa, banamutukana."

Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Tangu tutolewe nyumbani sikuwa nimeonja kitu kitamu kama hicho.

Mama hakucheka. "Na pipa yangu?" akauliza.

"Aliivunja na nyundo, mama. Yote."

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Tulipoiacha nyumba hakulia. Tulipoliaga kaburi la baba hakulia. Sasa alilia mpaka jioni, na ndipo nilipoelewa: nyumba alikuwa ameshaikatia tamaa, lakini pipa alilihesabu bado ni lake, la kuanzia maisha tukirudi.

Nilimwomba msamaha, akanipa. Yule jirani sijamsamehe mpaka leo, na ningerudishwa uani siku ile, Mungu anihurumie, ningepaka tena.