Ubavu wa Mwisho

Athieno hahitaji kukugusa ili ajue kipimo chako. Ukisimama mbele ya cherehani yake, hapa Busia upande wa Uganda, anakutazama mara moja tu, kiuno ameshakijua. Futi kamba anaitoa baadaye ili roho yako itulie. Mimi nauza mitumba meza ya pili kutoka kwake. Naitwa Nereah, navuka mpaka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya, na kwa miaka kumi na mmoja tumekula pamoja, tukagombana, tukapatana. Haya ninayoyasema anajua nitayasema. Ameniomba jambo moja tu, nisimpambe.

Basi simpambi. Ni mwanamke mwenye kiburi cha kazi yake. Alipokuwa msichana pale Tororo alicheza badminton, na tangu wakati huo kila mashindano ya shule yakifanyika wanamwita awe mwamuzi wa uanzishaji. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti cha chini kando ya wavu na kumkazia macho yule anayepiga pigo la kuanzisha. Miguu yote miwili imegusa sakafu? Raketi imekwenda mbele moja kwa moja bila kudanganya? Imegonga kwanza kizibo cha kinyoya, kile kijipira cha mchezo huo, si manyoya yake? Na kubwa kuliko yote, kinyoya kilipigwa chini vya kutosha? Ikiwa sivyo anapaza sauti, "Folti!", na pointi inakwenda kwa mpinzani.

"Chini vya kutosha" kwake ilikuwa chini ya ubavu wa mwisho wa mchezaji. Ndivyo alivyofundishwa ujanani. Na nani angebishana na fundi kuhusu mbavu?

"Nereah, mimi naona mbavu ya mtu hata akivaa sweta mbili," aliniambia siku ile tukielekea Tororo. Nilikuwa nimefunga meza yangu nimsindikize, maana alisema kuna msichana mdogo wa Sikuda nisikose kumwona.

Huyo alikuwa Becky. Ana miaka kumi na minne lakini kimo ni cha mtoto wa kumi. Analelewa na bibi yake, na darasa la saba alikuwa amemaliza bila kujua kama masomo yanaendelea. Sasa kulikuwa na shule moja ya bweni iliyoahidi kumchukua msichana mmoja, mshindi wa siku hiyo, na kumsomesha bure mpaka amalize. Msichana mmoja tu. Kwa hiyo fainali ile haikuwa mchezo.

Aliyepambana naye ni Joanita, msichana mrefu, mikono kama ya mchuma maembe. Waligawana seti mbili za kwanza. Seti ya tatu Becky akafika ishirini kwa kumi na tisa. Pointi moja tu, na watu wote mle ukumbi wa kanisa wakasimama. Akasimama upande wa kulia, kama kanuni inavyotaka pointi zako zikiwa shufwa, akaanzisha.

"Folti!" akasema Athieno.

Ishirini kwa ishirini. Becky alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Joanita akaanzisha, wakapigana, kinyoya kikaanguka upande wa Joanita. Ishirini na moja kwa ishirini, Becky mbele tena. Ilibaki pointi moja, kwa kuwa mkifungana ishirini lazima ushinde kwa tofauti ya mbili. Akahamia kushoto, akaanzisha.

"Folti!"

Baada ya hapo hakukuwa na mchezo. Joanita alichukua pointi mbili haraka na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilijiambia sheria ni sheria, rafiki yangu ameona alichoona.

Arnold, mwalimu aliyekuwa mwamuzi mkuu, alishuka kwenye kiti chake kirefu akaja kutusalimia. Akauliza kwa wema kabisa, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mama Athieno, kile kinyoya kilipita mita moja na sentimita kumi na tano kweli? Kule juu mimi siwezi kupima."

"Mita gani?" akauliza Athieno.

Arnold akadhani anatania. Kisha akaona hatanii. Akaeleza polepole kwamba ubavu uliondolewa kwenye sheria miaka kadhaa iliyopita. Sasa kipimo ni kimoja kwa wote, warefu na wafupi: mita moja na sentimita kumi na tano kutoka sakafuni.

Athieno aliivua futi kamba shingoni. Akaiweka kwenye mwimo wa mlango, akapima kutoka chini, akashika kwa kidole hapo ilipofika. Wakati huohuo Becky akapita akitoka nje na mfuko wake wa plastiki. Kidole cha Athieno kilikuwa sawa na bega la yule mtoto. Kinyoya alikipigia juu kidogo tu ya ubavu wa mwisho, chini kabisa ya hapo. Hakikuwa hata karibu na kosa.

Sijawahi kumwona Athieno akikimbia. Siku ile alikimbia mpaka kwa mgeni aliyetumwa na ile shule ya bweni, akamwambia mbele za watu, "Mimi ndiyo nilikosa. Mtoto hana kosa. Andika jina yake." Mgeni akamtazama Arnold. Arnold akainamisha kichwa. Malalamiko hupokelewa kabla ya kinyoya kupigwa tena, akasema; kikishapigwa, matokeo yamekaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitaka kumchapa kofi, ingawa hakuwa na hatia yoyote.

Wiki nzima Athieno alishona mambo ya ajabu, mikono kinyumenyume, zipu upande wa mfuko. Jumapili akaniambia, "Twende Sikuda." Tukapanda boda, sukari na mkate mapajani.

Bibi alitupokea vizuri, akatuwekea viti uani. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini hivi, mwembamba, aliyeuza muhogo mpakani enzi zake, Kiswahili anakisema. Becky akaja akapiga magoti kutusalimia. Chai ilipomiminwa Athieno hakungoja hata kuionja. Akasema yote: sheria ya zamani, sheria mpya, kiburi chake. Alilia, na mimi nililia.

Becky alibaki amepiga magoti. "Mimi nilijua, mama," akasema. "Mwalimu wetu alitufundisha ile mita. Alituambia ukionewa, unyooshe mkono kabla hawajaanzisha tena."

"Sasa mbona hukunyoosha?" Athieno akauliza.

Mtoto akamtazama bibi yake. Bibi ndiye aliyejibu, na alijibu kwa fahari, akimpapasa Becky kichwani.

"Alifanya vizuri. Mtoto kusahihisha mutu mukubwa mbele ya watu? Hapana. Mimi sikulea hivyo. Hiyo shule iende."

Nilimwona Athieno akivuta pumzi. Nilijua anachotaka kusema: kwamba hapana, mama, umekosea, mtoto huyu alipaswa kusema, na neno lake moja lingemsomesha. Lakini bibi alikuwa amemzidi miaka thelathini, na tulikuwa uani kwake. Athieno akaitazama chai. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, na mdomo wangu huu soko zima linaujua.

"Ni kweli, mama," nikamwambia bibi.