Paka Asiyeogeshwa

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ni fundi cherehani, na panya walikuwa wakimtia hasara kwa kutoboa vitambaa vya wateja. Wifi yake akamletea paka, dume la kijivu linalopenda usingizi kuliko kuwinda. Hata hivyo, panya wakatoweka.

Kisha ikaja kazi ya gauni la bibi harusi, jeupe pe, na manyoya ya paka yakawa yananasa juu yake. Fundi akamwogesha paka kwa sabuni ya manukato, akafua na tambara lake la kulalia. Baada ya siku chache akakuta mavi ya panya kando ya cherehani, hatua moja kutoka kwenye gauni.

"Huyu mvivu hajawahi kukamata hata mende," wifi yake alimcheka. "Panya walikuwa wanakimbia harufu yake, wifi yangu."

"Kumbe mlinzi nimemvua sare."

Gauni likaingia kwenye mfuko wa plastiki, likatundikwa juu. Paka akaachwa alale chini ya meza, bila kuguswa na maji, na panya wakahama tena.

Siku ya kulijaribu gauni, bibi harusi alijitazama kiooni, akatabasamu, kisha akakunja pua.

"Fundi, mbona paka wako ananuka hivi?"

"Yuko kazini, mwanangu."