Filamu ya Wapagazi, Sauti Ikiwa Imezimwa

Muuza filamu wa Bunda aliniangalia kana kwamba nimeingia duka la viatu kuulizia uji. Nilikuwa nimemwambia nataka dokumentari za historia.

"Historia ipi, mama? Ya kisasi au ya mapenzi?"

"Ya Vita Kuu ya Kwanza. Ya kufundishia."

Alikuna ndevu, akageukia kompyuta yake. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi, kina feni moja inayompulizia yeye peke yake, na ukuta mzima umebandikwa picha za wanaume wenye bunduki. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza. Alisema Musoma mjini nitazunguka mpaka soli iishe, wanakuuzia tamthilia tu, lakini huyu wa Bunda hakosi kitu. Kweli hakukosa.

"Ipo. Inaonyesha mpaka wapagazi wa huku kwetu. Unataka ya Kizungu au iliyotafsiriwa?"

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye banda la video, iliyotafsiriwa ni hivi: bwana mmoja anakaa na kipaza sauti chake, anaishusha sauti ya filamu, halafu anaongea yeye kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Ni mfalme, ni mke wa mfalme, ni mbwa wa mfalme. Anasema yaliyosemwa na yasiyosemwa. Na chini ya picha unapita mkanda mweusi mnene wenye namba zake za simu, ukimtaka umpigie kwa mzigo mpya.

"Nipe zote mbili kwa bei ya moja," nikasema.

"Mama, umeme nanunua."

"Na mimi nafundisha watoto wako."

"Sina watoto."

"Utapata. Watakuja kwangu hawajui kitu, nitakumbuka leo."

Alicheka, akapunguza. Nikahesabu mafaili kwenye flashi, yakatimia. Nikayahesabu tena, maana hesabu ya kwanza ni ya kumfurahisha muuzaji, nikakuta faili la ziada. Ameniwekea mieleka, nyongeza.

Haya yote yalikuwa kwa sababu ya projekta. Shule yetu iko upande wa Butiama, na mwaka huu ilipata projekta moja, ikaenda moja kwa moja maabara. Mkuu wa shule ni mama wa kemia. Kwake historia ni kitu cha kusoma ukiwa umekaa, hakihitaji umeme. Mimi nina kidato cha nne ambao mtihani wao uko kwa Kiingereza, kitabu chao kiko kwa Kiingereza, na wao wenyewe wako kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha shuleni tu, nyumbani wana lugha zao. Nikiwaambia fungueni mada ya vita, wanafungua, wanaitazama, mada nayo inawatazama. Nilitaka waone kitu. Nilimganda mkuu mpaka akachoka.

"Ijumaa, vipindi viwili mfululizo," alisema. "Nitakaa nyuma. Nikiona wanajifunza, historia itapata projekta kila Ijumaa. Nikiona sinema, madam, inarudi maabara na usiniulize tena mpaka nistaafu."

"Kustaafu ni lini, Mkuu?"

"Mbali."

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja, na filamu ile ile kwa sauti mbili. Nyumbani kwangu Nyasho, pale Musoma, niliwasha ya Kizungu kwanza. Mdogo wangu, ninayeishi naye, aliaga mapema akaenda kukaanga dagaa. Niliangalia mwanzo mpaka mwisho, nikarudia. Ilikuwa safi. Ramani nzuri, sauti nzito ya mzee wa heshima, tarehe zote mahali pake. Kulikuwa na kipande cha filamu ya zamani ya wapagazi: msururu mrefu wa watu wenye mizigo kichwani wakipita bondeni, mbele yao ofisa juu ya farasi. Tatizo Kiingereza chake. Darasa langu lingesikia radi tu.

Kesho yake nikaweka iliyotafsiriwa. Mdogo wangu akarudi na kiti chake.

Bwana mtafsiri alianza kwa kusalimia mikoa. Kisha akasema vita vile vilianza kwa sababu ya mahari. Nilishtuka, nikaandika pembeni. Akampa ofisa wa farasi sauti ya mgambo anayekimbiza wamachinga. Nikashtuka tena. Walipotokea wapagazi, akasema: "Oneni hao jamani, wametoka Kariakoo kufunga mzigo wa jumla, na mwenye gari kawazimia simu!"

Mdogo wangu aliangua kicheko. Na mimi nilicheka. Nilicheka kabisa, meno nje, halafu ndiyo nikasikia nilichokuwa nacheka. Wale ni watu waliobebeshwa vita visivyo vyao. Na Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na hao hao, wapagazi wa jeshi la Waingereza. Mtaa ulibaki na jina lao baada ya wao kwisha. Huyu bwana kapiga gizani, kapata shabaha, na hajui. Nikazima hapo hapo.

"Unazima tumekaribia utamu," mdogo wangu alilalamika.

"Utamu gani?"

"Si nimeionaga bandani. Kuna mmoja anaangukaga."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshaamua: nitaonyesha ya Kizungu, sauti nimeizima, nitaongea mwenyewe. Hakuna mahari, hakuna mgambo. Niliona nimepata faida pande zote mbili.

Ijumaa tulifunika madirisha kwa mashuka ya bweni. Wanafunzi walikaa wakibanana, na mkuu akaweka kiti chake nyuma karibu na mlango, daftari mapajani. Nilianza vizuri. Ramani ilipita, nikaeleza. Meli zikapita, nikaeleza. Nilimwona mkuu akitikisa kichwa kwa kukubali, nikaanza kuhesabu Ijumaa zangu.

Kisha akatokea ofisa wa farasi, na kutoka giza la katikati mtu akasema, kwa sauti ya mgambo: "Toa meza yako hapa!"

Darasa likalipuka.

"Nani huyo?"

Nikaendelea. Nikasema huyu ni ofisa, anaongoza kikosi. Mwingine akadakia: "Anatafuta wamachinga!" Na hapo ndipo nilipoelewa. Wanayo. Wote wanayo. Kila Jumapili baada ya ibada wanaenda bandani, na kama si bandani basi kwenye simu ya kaka. Mimi nimeizima sauti ya filamu, lakini sauti ya yule bwana walikuja nayo kichwani, kama watu wanaokuja misani na nyimbo wanazijua.

Wapagazi wakatokea. Darasa zima, kwa pamoja, kwaya kabisa: "Oneni hao jamani, wametoka Kariakoo—"

"Kimya!"

"—na mwenye gari kawazimia simu!"

Nyuma nilisikia mkuu akifungua kalamu. Nilijua anachoandika. Nilinyoosha mkono nisimamishe filamu, na msichana wa dawati la mbele, mtulivu kuliko wote, ambaye tangu kidato cha kwanza sikuwahi kumsikia akicheka, akanishika kitenge.

"Madam, subiri. Yule wa mwisho anaangukaga sasa hivi."

"Yupi?"

"Wa mwisho, madam. Angalia huko nyuma."

Nilikuwa nimeiangalia filamu hiyo kwa Kizungu mara mbili nzima. Sikuwa nimemwona mtu yeyote akianguka. Nikaangalia mwisho wa msururu. Mtu mwembamba, mzigo umemzidi upana, akayumba hatua kadhaa, akaenda chini.

Wakacheka. Walikuwa wamemsubiri huyo. Wengine walipiga madawati, wengine wakaanza utani wa yule bwana unaofuata, kwamba bei ya sokoni imeshuka mpaka imelala chini.

Ila utani huo haukufika mwisho. Bandani, chini ya picha kuna ule mkanda mweusi wa namba za simu. Kwangu haukuwepo. Na pale chini, ambapo wao walizoea kusoma namba, yule mtu alikuwa amelala.

Kicheko kilikatika vipande vipande, kama mvua inayohama mtaa. Askari mmoja alirudi nyuma. Akainama. Tukadhani anamwinua. Aliinua mzigo. Akamwita mpagazi mwingine, akamwongezea juu ya wake, wakaondoka. Msururu ukaisha kupita. Picha ilibaki pale kidogo, bonde na yule mtu, halafu ikaja ramani nyingine.

"Hawajamchukua," alisema mvulana aliyekuwa mgambo.

"Wamechukua mzigo," alisema msichana wa mbele.

Nilikuwa nimesimama pale na fimbo yangu ya kuonyeshea ramani, mwalimu wa historia mwenye shahada, na nimepigwa butwaa kama wao.

Kutoka nyuma mkuu akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii hakuna aliyedakia. Askari aliinama, na mtu fulani akasema kwa sauti ndogo, "Mwinue basi," kama vile angesikia.

"Alikuwa wa wapi, madam?"

"Sijui."

"Alipona?"

"Sijui."

Nilijibu hivyo kwa kila swali mpaka kipindi kikaisha, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka.

Ofisini mkuu alinionyesha daftari lake. Alikuwa ameandika: kelele, sinema, projekta irudi. Alikuwa ameyakata yote kwa mstari mmoja.

"Kila Ijumaa," alisema. "Lakini kile kipande, kidato cha kwanza hapana."

"Na Jumatano, Mkuu?"

"Madam, usinizoee."

Nilitoka kabla hajabadilisha mawazo. Lakini kuna jambo lilinisumbua njia nzima mpaka Nyasho. Mimi ni mtu wa kurudia hesabu. Mtu kaangukaje mbele ya macho yangu, mara mbili, nisimwone? Yule bwana wa mahari na mgambo kamwona, akamcheka, lakini kamwona. Mimi nilikuwa naangalia wapi?

Nilifika, nikawasha ya Kizungu, nikapandisha sauti. Nikasogeza mpaka bondeni. Mzee wa heshima alikuwa anaongea taratibu, kwa upole, na sauti yake inakupeleka jicho mbele, kwa ofisa. Pale pale mtu wa mwisho alipoanza kuyumba, mzee alikuwa anaeleza kuhusu farasi. Katokea nchi gani. Alivumilia vipi mbung'o. Na alipokwenda chini yule mtu, mzee alikuwa anatutajia jina la farasi.

Nilirudisha, nisije nikamsingizia. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa iliyofuata sikuzima sauti. Niliwawekea kipande hicho kama kilivyo, nikawatafsiria neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Darasa lilinisikiliza mpaka mwisho. Kisha msichana wa mbele akainua mkono.

"Madam, farasi ndiye ana jina?"

"Ndiye."

Aliniangalia mimi, akaangalia ukuta ilipokuwa picha, akaniangalia tena, akisubiri niseme nimekosea kutafsiri.